Hivi ni kweli Kanisa Katoliki liliwahi kupiga marufuku skauti?

katekista_wa_kigango:
Tumsifu Yesu Kristo wadau, na wasio wa kwetu salama?

Mimi ni katekista na shuleni nasaidia kulea kundi la skauti. Sasa kuna klipu ya sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya parokia, jamaa anasema skauti ni mlango wa frimasoni na eti Kanisa lenyewe lilipiga marufuku toka mwanzo ila siku hizi mapadre wanakaa kimya. Kuna wazazi wameshawatoa watoto, mmoja kanirudishia skafu kaikunja vizuri kabisa akasema samahani mwalimu mimi sitaki matatizo na Mungu. Paroko kasema nijiandae, kikao cha wazazi kinakuja nitaulizwa.

Naomba wanaojua historia mnisaidie. Lilikataza au halikukataza? Na kama lilikataza lilikuwa linaogopa nini, maana kupiga hema na kufunga fundo sioni dhambi yake iko wapi. Pia nimesikia juu juu kwamba ilihusiana na ugomvi wa shule za serikali huko Ulaya, sijaelewa shule na skauti vinakutana wapi.

Tujadili bila kutukanana tafadhali.

padre_nusu:
Milele Amina katekista. Mimi niliishia falsafa seminari (ndo maana ya hilo jina) ila historia ya Kanisa niliipenda kuliko kitu chochote, kwa hiyo acha nijaribu.

Papa hakuna aliyepiga marufuku skauti. Kilichokuwepo ni mapadre, baadhi ya maaskofu na magazeti ya Kikatoliki, hasa Ufaransa na Italia, kuanzia kama 1911 mpaka vita ya kwanza inaisha, waliosema hiki kitu tukiogope, na wengine walienda mbali kweli wakasema ni njama ya Waprotestanti na frimasoni. Kwa hiyo huyo wa klipu kachukua kipande cha kweli akakivalisha uongo.

Hiyo hofu huielewi ukiitazama skauti peke yake. Itazame shule. Ufaransa 1881 na 1882, enzi za waziri Jules Ferry, shule ya msingi ya serikali ikafanywa bure, ya lazima, na isiyo na dini. Katekisimu ikatolewa darasani, ikaachwa siku moja katikati ya wiki, Alhamisi, watoto hawaendi shule ili mzazi anayetaka ampeleke mwanae kwa padre. 1886 wakaja kusema masista na mabruda wasifundishe tena shule za serikali. 1904 wakayakataza mashirika ya kitawa kufundisha kabisa, hata kwenye shule zao wenyewe, watawa kibao wakahamia Ubelgiji na Uingereza. Disemba 1905 sheria ya kutenganisha Kanisa na serikali. 1909 maaskofu wa Ufaransa wakatoa barua ya pamoja, wakakataza vitabu kadhaa vya kiada, vingi vya historia, na kuna parokia mtoto alinyimwa sakramenti kwa sababu ya kitabu kilichomo kwenye mkoba wake. Fikiria hilo, mtoto wa miaka kumi na moja anaulizwa na mwalimu kwanini hana kitabu, akiwa nacho anaulizwa na padre kwanini anacho.

Sasa ni katikati ya moto huo, 1911, ofisa wa jeshi la majini anaitwa Nicolas Benoit anaanzisha Éclaireurs de France. Skauti wa Kifaransa, wa watu wote, hawabagui dini na hawafundishi dini. Ahadi ya Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti, inaanza na wajibu kwa Mungu na kwa Mfalme. Ya hawa Éclaireurs mtoto anaahidi kwa heshima yake kuwa mtu anayejua wajibu wake, mkweli na mkarimu, kuipenda nchi yake na kuitumikia wakati wa amani na wakati wa vita, na kutii kanuni. Basi. Mungu hayumo.

Wewe ni paroko wa kijijini Ufaransa, miaka miwili tu baada ya ile barua ya vitabu, unaisoma ahadi hiyo. Utaona nini? Utaona ni shule ileile ya Ferry imevaa kaptula. Tena hawa wanawataka watoto lini? Alhamisi na Jumapili. Alhamisi ndo siku pekee uliyoachiwa ya katekisimu, Jumapili ndo misa. Hapo ndipo shule na skauti vinapokutana.

KijanaWaKKKT:
Mkuu umeeleza vizuri ila tusipake rangi. Kwa lugha rahisi Kanisa lenu lilikuwa linataka watoto wawe wake peke yake, likaona kuna mtu mwingine anawapa kitu wanachokipenda likanuna. Serikali inasema shule ni ya wote, nyie mnasema shule isiyofundisha katekisimu ni ya shetani. Hapa kwetu Tanzania tumekua tukiambiwa serikali haina dini ila watu wake wana dini na mbona tunaishi, kipindi cha dini kila mtu anaenda darasa lake, kikiisha tunarudi kwenye hesabu. Na habari ya "njama ya Waprotestanti" nayo imenichekesha, kosa letu lilikuwa kuanza mapema?

padre_nusu:
@KijanaWaKKKT kwenye hilo la kuanza mapema una haki. Ufaransa Waprotestanti walikuwa kati ya wa kwanza kabisa kuchangamkia skauti, vikundi vyao vilitoka ndani ya chama chao cha vijana ambacho ndo YMCA ya kule. Na YMCA ilikuwa mwiba kwelikweli, Novemba 1920 ile ofisi ya Roma inayosimamia mafundisho ya imani iliwaandikia maaskofu kuwaonya juu ya YMCA na vyama vinavyofanana nayo, kwamba vinampa kijana michezo na maktaba na malezi mema lakini vinamfundisha kwamba kanisa gani si hoja. Ile "si hoja" ndo iliyowatisha kuliko upagani wenyewe. Mpagani unajua uanze naye wapi.

Lakini kununa peke yake hakutoshi kueleza. Angalia Uingereza, skauti ileile, mtu yuleyule, na Wakatoliki hawakupigana. Kardinali Bourne wa Westminster aliikubali mapema, parokia zikawa na makundi yao. Kwanini? Mimi naona sababu kubwa ni kwamba kule sheria ya elimu ya 1902 ilizipa shule za Kanisa fedha za umma, shule ya Kikatoliki ilikuwa inalipiwa walimu na halmashauri huku katekisimu inafundishwa. Asiyeporwa shule hana sababu ya kuogopa hema. Kama ingekuwa ni wivu tu basi Waingereza nao wangenuna.

Halafu serikali "isiyo na dini" ya kwetu siyo ya Ferry. Hapa hata shule zilipotaifishwa kipindi cha dini kilibaki kwenye ratiba na padre anaingia getini. Kule aliwekwa nje ya geti kwa sheria. Hivyo vitu viwili watu wanavichanganya sana.

skauti_mkongwe:
Niruhusuni mzee mwenzenu, skauti nimeivaa toka primary mpaka nimekuwa kamishna wa wilaya, sasa nimestaafu.

Kuna kitu padre_nusu hajakigusa. Ugomvi haukuwa wa ahadi tu, ulikuwa pia wa NANI ANAONGOZA. Mapadre wa Ufaransa walikuwa tayari na vyama vyao vya watoto wa parokia. Ua lenye ukuta, geti, mpira, gwaride la mazoezi ya viungo, tarumbeta, michezo ya kuigiza, na padre yupo pale anaona kila mtoto. Kilikuwa kitu kikubwa, toka 1898 walikuwa na shirikisho lao la michezo la nchi nzima, kaanzisha daktari Paul Michaux. Kwa hiyo mtu asiseme Wakatoliki walikuwa hawataki watoto wacheze.

Sasa skauti inakuja inasema hivi: chukua watoto sita saba nane, kikosi, kiongozi wao ni mtoto mwenzao wa miaka kumi na nne kumi na tano, mpe ramani, mpe sufuria, waende porini walale huko, mtu mzima yupo lakini hayupo juu ya vichwa vyao. Kwa padre wa wakati ule hiyo ilikuwa hatari tupu, kwanza usalama wa roho, wavulana usiku kwenye mahema bila mlezi, pili misa ya Jumapili itakuwaje, maana misa nje ya kanisa ilikuwa haisomwi hivi hivi, lazima ruhusa. Tatu kulikuwa na wale wanafalsafa wao waliosema hii ni dini ya maumbile, mtoto anaambiwa msitu na moto wa kambi na heshima yake vinatosha kumfanya mwema, hahitaji neema wala kitubio.

Hiyo ya tatu siyo ya kijinga kama inavyosikika leo. Nimeona makundi mengi sana, pale ambapo hakuna mlezi mwenye kichwa skauti inabaki saluti na paredi.

Aliyekata mzizi wa fitina ni padre mmoja Mjesuiti, Jacques Sevin, mzaliwa wa Lille 1882. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza kwa hiyo hakutegemea kuambiwa, Septemba 1913 akavuka mwenyewe kwenda Uingereza kuwaona skauti na akakutana na Baden-Powell uso kwa uso. Vita ikamkuta Ubelgiji, upande uliokaliwa na Wajerumani, kule Mouscron akaanza kundi kwa siri. Vita ilipoisha, Julai 1920 yeye na Kanoni Cornette wa Paris na wenzao wakaanzisha Scouts de France, ya Kikatoliki wazi wazi, nembo ni msalaba wa Yerusalemu na ua la yungiyungi la skauti katikati.

Katekista shika hii maana itakusaidia kwenye kikao. Sevin hakubadilisha mbinu. Kikosi kilibaki, kiongozi mtoto alibaki, kambi ilibaki. Alichofanya ni kuingia kwenye kanuni. Kanuni ya sita ya Baden-Powell inasema skauti ni rafiki wa wanyama. Ya Sevin inasema skauti anaona kazi ya Mungu katika maumbile, anapenda mimea na wanyama. Akaweka pia misingi ya juu ya kanuni zote, wa kwanza ni kwamba skauti anaionea fahari imani yake na maisha yake yote yanaitii. Na kambini altare wanajenga watoto wenyewe, miti na kamba, mafundo yaleyale unayomfundisha mtoto kufungia jukwaa la vyombo ndo anafungia meza ya misa. Ruhusa iliombwa, ikatolewa. Ile hofu ya Jumapili ikaishia hapo.

mama_wa_wanne:
Asanteni jamani nasoma kimya kimya. Na wasichana je? Maana mimi nina mabinti.

skauti_mkongwe:
@mama_wa_wanne wasichana walipata chao 1923, Guides de France, kivyao kabisa na viongozi wanawake. Kuchanganya wavulana na wasichana Roma ilikuwa haitaki hata kusikia, shuleni wala kambini, na 1928 Papa Pius wa 11 alilalamika hadharani kuhusu mashindano ya mazoezi ya viungo ya wasichana pale Roma. Hapo sitawatetea.

bukavu_kwetu:
Bandugu mimi niko Bukavu, niongeze ya huku Kongo maana vita ya shule ilifika mpaka kwetu. Miaka mingi ya ukoloni wa Mbeligiji shule ya mtoto mweusi ilikuwa karibu yote mikononi mwa misioni, Wakatoliki ndo wengi zaidi, na serikali ilikuwa inawapa pesa. 1954 kule Ubelgiji Waliberali na Wasosialisti wakashika serikali, waziri wa makoloni akawa Buisseret, akafungua shule za serikali zisizo za misioni kwa batoto ba Kikongo. Maaskofu walikasirika sana. Lakini wazazi wengi walikuwa wanapiga mstari kuandikisha, wengine Wakatoliki wazuri tu, misa hawakosi. Kwao ilikuwa: hatimaye kuna mlango wa pili.

Na skauti ilikuja na mapadre Wabelgiji kwa hiyo huku hatukuwahi kusikia kwamba skauti ni kitu cha kupinga Kanisa, ilikuwa ya Kanisa toka siku ya kwanza. Halafu hapa hapa Bukavu Padre Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika akaanzisha Xaveri, ambayo ukiangalia ina mambo mengi ya kufanana, rangi, nyimbo, kambi, vikundi kwa umri, ila ya kwetu, ikaenda mpaka Burundi na Rwanda. Kuna wazee huku bakikuona na skafu wanakuuliza Xaveri ao skauti, na ukikosea unapata somo la nusu saa.

Njoro_Nyeri:
Niko Nyeri, Kenya, na sisi ndio tuko na kaburi la mzee Baden-Powell, alikufa Januari 1941 hapa hapa kwa nyumba yake ya Paxtu. Hiyo clip naijua, imepita pia group yetu ya estate. Wanasema ile alama ya duara na nukta katikati kwa jiwe la kaburi ni ya kishetani. Wueh. Hiyo ni alama ya njia ya skauti, kila mtoto wa skauti hufunzwa, ukiikuta mwisho wa trail inamaanisha nimeenda nyumbani. Sasa mtu ataweka nini ingine kwa kaburi la skauti? Na amezikwa kwa makaburi ya kanisa la Anglikana, babake mwenyewe alikuwa kasisi wa Anglikana. Frimasoni hakuwa. Kipling ndiye alikuwa, yule mwandishi ambaye hadithi zake za msituni walitumia kwa skauti wale wadogo, labda ndio watu huchanganya.

KijanaWaKKKT:
Sawa nimewaelewa ila bado nauliza, kwenye ugomvi wa shule hoja ya Kanisa ilikuwa "mtoto siyo wa serikali", mbona likaja kuwa sahihi kwa bahati tu? Maana wangeachiwa wao wangeshika shule zote kama huko Kongo.

padre_nusu:
Kongo nakubali, mwenye nguvu ni mwenye nguvu hata akivaa kanzu.

Ila "kwa bahati" sikubali, tuende Italia. Kule nako mwanzoni ilikuwa hivyo hivyo, skauti wa kitaifa wasio na dini wa Carlo Colombo 1912, Wakatoliki wakashuku, halafu 1916 Mario di Carpegna akaanzisha ASCI ya Kikatoliki. Kabla haijakomaa dikteta Mussolini akaingia. 1926 akaunda Balilla, chama cha watoto cha serikali, na hapo hapo akaanza kuwabana wengine: 1927 skauti wa miji midogo yenye watu chini ya 20,000 wakavunjwa, 1928 wote. Vijana wa Milano wakakataa, wakajiita Aquile Randagie, tai wanaotangatanga, miaka yote mpaka 1945 walikuwa wanafanya mikutano ya siri na kambi huko Val Codera mlimani ambako hata barabara ya gari haifiki. Wakati wa vita haohao wakawa kwenye mtandao uliovusha watu zaidi ya 2,000 kwenda Uswisi, Wayahudi na wakimbizi wengine. Watoto ambao miaka kumi na tano nyuma padre fulani alisema msituni watapoteza imani.

Halafu soma waraka wa Pius wa 11 wa elimu, mwisho wa Disemba 1929. Ni mkali kweli, unasema shule isiyo na dini inapingana na misingi ya malezi, na sheria za Kanisa za 1917 tayari zilikuwa zimekataza kumpeleka mtoto Mkatoliki huko bila askofu kuridhia. Mimi leo siwezi kuutetea wote. Lakini ndani yake Papa ananukuu mahakama kuu ya Marekani! Oregon 1922 walipitisha sheria ya kulazimisha kila mtoto aende shule ya serikali, waliokuwa nyuma yake ni Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, pamoja na matawi ya frimasoni yanayoitwa Scottish Rite, na 1925 mahakama ikaifuta ikasema mtoto siyo kiumbe cha serikali tu. Kwa hiyo katekista ukiulizwa frimasoni wanaingiaje, ukweli ni kwamba kwenye vita ya shule walikuwepo kweli, Ufaransa na Marekani pia, hawakuficha. Ndo maana padre wa 1911 akiona kitu kipya cha watoto kisicho na dini anawaza wao kwanza. Alichokosea ni kudhani hema nalo ni lao.

1933 Baden-Powell mwenyewe alipokelewa na huyo huyo Pius wa 11 Roma. Hiyo watajie.

katekista_wa_kigango:
Aisee, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimenakili yote kwenye daftari.

Moja la mwisho kwa mzee skauti_mkongwe. Kuna mzazi ambaye hana shida na frimasoni wala nini, yeye analalamika kitu kimoja tu, kambi ya wilaya kila mwaka inaangukia Jumapili na watoto wanarudi jioni hawajasali. Huyu nimjibu nini?

skauti_mkongwe:
Huyo ana haki, na huyo ndo umsikilize kuliko wote. Usimpe historia. Mwandikie barua kamishna mapema, ratiba ya Jumapili asubuhi iachwe wazi mpaka saa nne, Wakatoliki waende misa parokia iliyo karibu au padre aje, Walutheri na Waislamu na wengine nao wapangiwe wakati wao na mtu wao. Mimi nilikuwa naweka hivyo na hakuna aliyewahi kunigomea. Barua iende na sahihi ya paroko na ya mkuu wa shule, zote mbili.

KijanaWaKKKT:
Na muwaambie wapishi wa kambi uji uwe tayari kabla ya ibada, siyo baada.